Msimu wa Pili ni Halisi au ni Feki? Ubishi wa Wachina Ulioanza Kabla ya Televisheni

Leo naweka kodi kando. Wale waliokuja kutafuta mwendelezo wa makala ya kusakinisha seva mnisamehe, itakuja. Leo nataka tuongee kuhusu tamthilia za upelelezi za Kichina, zile za majoho marefu na mapanga, na hasa jambo moja tu ndani yake: kwa nini watazamaji wa kule hugombana sana kila mara msimu wa pili unapotoka. Ukidhani ni mambo ya mtandao tu, subiri kidogo. Ubishi huu ni wa zamani kama balbu ya Edison, na sisemi hivyo kwa mzaha, utaona mwaka ukifika.

Tuanze na tamthilia yenyewe. Inaitwa Tangchao Guishi Lu, yaani Kumbukumbu za Maajabu ya Enzi ya Tang. Msimu wa kwanza ulitoka 2022 kwenye tovuti ya video ya iQIYI, sehemu 36. Wa pili, uliopewa jina dogo la Xixing, Safari ya Magharibi, ulianza kurushwa tarehe 18 Julai 2024, sehemu 40. Wa tatu ulikuja Novemba 2025 na kuwarudisha wahusika Chang'an, mji mkuu wa enzi hiyo (leo unaitwa Xi'an). Wahusika wakuu ni wawili wasioiva chungu kimoja. Lu Lingfeng ni afisa kijana wa kikosi cha walinzi wa mji, mtu wa hasira na mkuki. Su Wuming ni mtu mzima mpole, mjanja, anayependa chakula, na kila mara huwakumbusha watu kwamba yeye ni mwanafunzi wa Di Renjie, hakimu mkuu wa zamani. Kila kesi huchukua sehemu nne au tano hivi, kisha wanasonga mbele.

Mwendelezo ulipotangazwa, maswali ya watazamaji yalikuwa yale yale unayoyajua. Je, ni waandishi wale wale? (Ndiyo, Wei Fenghua aliandika tena na Bo Shan akaongoza tena.) Je, wataharibu? Je, huyu mhusika mpya ni msaliti? Halafu nadharia zikaanza, na nadharia hizo hazikusubiri sehemu iishe, zilipita juu ya picha yenyewe.

Kwa wale wasioijua teknolojia hii: Wachina wanaiita danmu, maana yake pazia la risasi. Ukitazama video, maoni ya watazamaji wengine yanapita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto kama kundi la ndege. Ilianza Japani kwenye tovuti ya Niconico mwaka 2006, ikaingia China kupitia AcFun na kisha Bilibili, kisha tovuti kubwa zote zikaiga. Kiufundi ni jambo rahisi hadi linachekesha. Maoni hayahifadhiwi kwa saa ya ukutani bali kwa sekunde ya video. Ukiandika "muuaji ni huyu daktari" katika dakika ya 12 na sekunde ya 40, mtu atakayetazama miaka mitatu baadaye ataona maneno yako yakipita katika sekunde hiyo hiyo. Safu moja tu ya ziada kwenye jedwali la hifadhidata, na ghafla watu ambao hawajawahi kuwa macho kwa wakati mmoja wanatazama pamoja. Mimi naona ni moja ya mbinu bora zaidi zilizowahi kubuniwa kwenye video za mtandao, na bado sijui kwa nini huku kwetu hakuna aliyeijenga vizuri.

Ila kuandika maoni juu ya hadithi yenyewe si jambo jipya China. Karne ya 17 vitabu vya riwaya vilichapishwa na maoni ya msomaji mashuhuri ndani ya kurasa: kati ya mistari, pembeni, mwanzo wa sura. Msomaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Jin Shengtan. Mwaka 1641 alimaliza toleo lake la Shuihu Zhuan, ile riwaya ya majambazi 108 wa kinamasi, akalijaza maoni yake: hapa mwandishi ni hodari, hapa nimecheka, hapa angalia ujanja. Lakini alifanya zaidi ya kutoa maoni. Aliamua kwamba sehemu ya mwisho ya riwaya, ile ambapo majambazi wanajisalimisha kwa serikali na kwenda kuipigania, si ya mwandishi halisi. Akaikata! Riwaya ikaishia sura ya 70, na yeye akadai amepata nakala ya kale iliyo hivyo. Toleo lake ndilo lililosomwa zaidi China kwa karibu miaka 300. Hebu fikiria shabiki mmoja mwenye hasira na msimu wa pili akiufuta kwenye seva zote duniani. Jin Shengtan alifaulu.

Sasa turudi kwa Su Wuming, maana jina lake lina hadithi yake tamu, na wengi wanaomtazama hawajui kwamba hakubuniwa na iQIYI. Yumo katika kitabu cha karne ya 8 kiitwacho Jiwen, cha Niu Su, na kisa chake kikahifadhiwa katika mkusanyo mkubwa wa Taiping Guangji uliokamilishwa mwaka 978. Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Malkia Wu Zetian alimpa binti yake, Taiping, masanduku mawili ya vito. Mwaka ukapita, Taiping akafungua ghala, vito hamna. Malkia akawaka. Akamwita mkuu wa Luoyang: siku tatu, mwizi apatikane, la sivyo utaona. Mkuu akawaita maafisa wa wilaya: siku mbili, la sivyo mnakufa. Maafisa wakawaita askari wa doria: siku moja, leo, la sivyo nyinyi ndio mnaotangulia kufa.

(Yeyote aliyewahi kuandika programu kazini anaijua hesabu hii. Mteja anasema mwezi, bosi anasema wiki mbili, msimamizi anasema Ijumaa.)

Askari wakiwa wamekata tamaa wakakutana njiani na Su Wuming, afisa wa Huzhou aliyekuwa amefika mjini kwa shughuli zake, mtu aliyejulikana kwa kukamata wezi. Akapelekwa mbele ya Malkia, na ombi lake la kwanza lilikuwa la ajabu: ondoa tarehe ya mwisho. Waache maafisa wapumzike, nipe askari wao, nipe siku kadhaa. Malkia akakubali. Su Wuming akawaambia askari wasifanye lolote mpaka sikukuu ya Hanshi, siku ambazo watu huenda makaburini. Siku hiyo akawatuma kwenye lango la mashariki na la kaskazini: mkiona kundi la wageni kutoka magharibi, kumi hivi, wamevaa nguo za msiba na wanaelekea makaburi ya Beimang, wafuateni. Wakawaona. Wakawafuata hadi kaburi jipya. Wale watu walilia, lakini kilio hakikuwa na uchungu. Walipoondoa sadaka wakalizunguka kaburi, wakatazamana, wakacheka. Su Wuming aliposikia hivyo akafurahi, akasema imekwisha. Wakakamatwa, kaburi likafunguliwa, na ndani ya jeneza mlikuwa na vito vya Taiping.

Malkia akamuuliza una akili gani wewe. Akajibu hana akili yoyote ya ziada, anawajua wezi tu. Siku aliyoingia mjini ndiyo siku waliyokuwa wanazika, akawatambua kwa macho, lakini hakujua kaburi liko wapi. Sikukuu ikifika lazima waende kuangalia mali yao. Kilio kikavu maana yake waliyemzika si mtu; kulizunguka kaburi na kucheka maana yake wameona halijaguswa. Na lile la kuondoa tarehe ya mwisho? Kama mji ungepekuliwa kwa nguvu, wezi wangeshtuka, wangefukua mali na kutoroka. Alipewa zawadi na kupandishwa daraja mbili.

Nimekisimulia kirefu kwa sababu kinaonyesha tofauti kubwa. Mwandishi wa karne ya 8 anaficha jibu hadi mwisho, kama mwandishi wa tamthilia wa leo. Hili halikuwa la kawaida. Hadithi za mahakama za baadaye, zile Wachina wanaziita gong'an, mara nyingi humtaja mhalifu mapema, na raha ya msomaji ni kuona hakimu atamnasa vipi. Tena mizimu inaruhusiwa. Katika kisa maarufu cha Hakimu Bao, mtu ameuawa kwenye tanuri la mfinyanzi, majivu yake yakachanganywa na udongo na kufinyangwa bakuli jeusi. Bakuli linaongea! Linapelekwa mahakamani na kutoa ushahidi.

Leo bakuli haliwezi kuongea. Kanuni za utangazaji za China zinakataza tamthilia kueneza ushirikina, kwa hiyo katika Tangchao Guishi Lu kila jini lina maelezo. Ni dawa ya kulevya, ni kinyago, ni mashine, ni mtu mwenye kisasi. Kesi ya kwanza kabisa, Chai Nyekundu ya Chang'an, inaanza kama hadithi ya kuzimu na kuishia kwenye biashara ya kinywaji ambacho wakubwa wa mji hawawezi kukiacha. Na watazamaji wanajua kanuni hii vizuri kuliko waandishi. Ndiyo maana nadharia zao huanzia mbali: ukiona mzimu, ufute kwenye orodha ya washukiwa, tafuta nani alinufaika. Ni kama kucheza mchezo ambao unajua injini yake haina uwezo wa kutengeneza mizimu. Kuna wanaolalamika kwamba hili linaua uchawi wa hadithi. Mimi naona limewafanya watazamaji kuwa wapelelezi wakali zaidi.

Msimu wa pili wenyewe unafungua na kesi iitwayo Xiangmobian, Mageuzo ya Kumshinda Ibilisi, kuhusu picha iliyochorwa kwenye ukuta wa hekalu. Jina hilo nalo si la kubuni. Mwaka 1900, katika mapango ya Dunhuang kwenye njia ya hariri, mtawa Wang Yuanlu alikuta chumba kilichozibwa kilichojaa maelfu ya hati. Mwaka 1908 Mfaransa Paul Pelliot akaondoka na nyingi, na mojawapo iko Paris katika Maktaba ya Taifa, namba 4524. Ni karatasi ndefu ya kukunjwa yenye picha za shindano la nguvu kati ya mwanafunzi wa Buddha na mpinzani wake. Upande mmoja ni picha. Upande wa pili, mgongoni, ni mashairi. Yaani msimuliaji anafungua karatasi, hadhira inaona picha, yeye anasoma maneno yaliyo nyuma. Hiyo ni skrini na faili ya maandishi ya chini, enzi ya Tang au muda mfupi baadaye!

Na sasa tumefika kwa wasimuliaji, ambapo ubishi wa msimu wa pili unaanza hasa.

Beijing, karne ya 19. Kuna msimuliaji anaitwa Shi Yukun. Anapiga sanxian, kinanda cha nyuzi tatu, anaongea na kuimba, na mada yake kubwa ni Hakimu Bao na mashujaa wanaomsaidia. Bao Zheng alikuwa mtu wa kweli, afisa wa enzi ya Song, 999 hadi 1062, ila hadi wakati huo alikuwa amebebeshwa hadithi za watu wengine wote. Shi Yukun alivuma mno. Mtindo wake ulipewa jina lake, na kuna utungo wa kuimbwa wa wakati huo unaosimulia jinsi watu walivyojazana kumsikiliza. Tatizo ni kwamba aliongea, hakuchapisha. Kwa hiyo wasikilizaji fulani wakafanya walichofanya: wakaandika waliyoyasikia, wakaacha nyimbo, wakabakiza maelezo. Hati hiyo inaitwa Longtu Erlu. Longtu ni cheo cha Bao, na erlu maana yake "kumbukumbu ya sikio". Wenzangu wa sauti na video mnaelewa mara moja. Huu ni unakili usio na ruhusa, na mfinyazo wenye hasara: muziki umetupwa ili faili iwe ndogo.

Mwaka 1879, mwaka ule ule Edison alipowasha balbu yake, kazi hiyo ikiwa imehaririwa ilichapishwa Beijing kwa jina ambalo leo tunalijua kama Sanxia Wuyi, Mashujaa Watatu na Waadilifu Watano, sura 120, jina la Shi Yukun likiwekwa kwenye kitabu. Ni hadithi ya upelelezi inayogeuka kuwa ya mapanga. Humo ndimo alimo Zhan Zhao, shujaa mpole ambaye mfalme alimpa lakabu ya Paka wa Kifalme, na Bai Yutang, kijana mrembo mwenye kiburi, wa tano katika ndugu watano wanaojiita Panya. Panya kusikia kuna mtu anaitwa Paka, ugomvi ukaanza. Watu waliwapenda mno hawa wawili. Halafu, katika sura ya 105, Bai Yutang anaingia peke yake kwenye jengo la mtawala wa Xiangyang anayepanga uasi, ananaswa kwenye mtego wa nyavu za shaba, na anakufa vibaya sana. Kitabu kinakwisha uasi ukiwa haujazimwa. Kurasa za mwisho zinaorodhesha mambo yatakayotokea na kumwambia msomaji asubiri Xiao Wuyi, Waadilifu Watano Wadogo. Ni tangazo la msimu ujao, kabisa.

Kabla msimu huo haujafika, aliingia mtu wa tatu. Yu Yue, mmoja wa wasomi wakubwa wa China wa wakati huo, alikuwa Suzhou, na rafiki yake Pan Zuyin akamsifia kitabu hiki. Msomi wa vitabu vitakatifu vya kale akakisoma na kukipenda! Lakini hakuweza kuacha mikono yake nje. Mwaka 1889 akatoa toleo lake. Sura ya kwanza, ile ya mtoto wa mfalme kubadilishwa na paka aliyechunwa ngozi, aliiona upuuzi usiolingana na historia, akaiandika upya. Jina la mhusika mmoja akaona ni kosa la mwandishi wa mkono, akalibadilisha. Kisha akagundua hitilafu ninayoipenda kuliko zote: mashujaa watatu si watatu. Wanahesabiwa Shujaa wa Kusini, Shujaa wa Kaskazini, na Mashujaa Pacha. Lakini pacha ni wawili, jamani! Jumla ni wanne. Akaongeza wengine watatu waliostahili, akapata saba, na kitabu chake kikaitwa Qixia Wuyi, Mashujaa Saba na Waadilifu Watano. Hesabu ya orodha kukosea kwa moja, ikarekebishwa kwa kubadilisha jina la mradi. Tangu hapo China imekuwa na matawi mawili ya hadithi moja, na yote mawili bado yanachapishwa.

Mwaka 1890 Xiao Wuyi ikatoka Beijing, na mwendelezo wake ukafuata. Mchapishaji alidai kwamba amepata muswada halisi wa Shi Yukun, mkubwa sana, wa sehemu tatu. Wasomaji wakafungua kwa pupa. Na hapo fujo ikaanza. Kitabu kinarudia kifo cha Bai Yutang ambacho tayari walikilia. Mambo yaliyoahidiwa mwishoni mwa kitabu cha kwanza hayaji kama yalivyoahidiwa. Lugha ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo, je, huu ni muswada halisi kweli, au mchapishaji amemlipa mtu aandike haraka? Na kama ni halisi, basi cha kwanza ndicho kilichobadilishwa na wahariri? Watafiti wamelijadili jambo hili karne nzima, na Lu Xun mwenyewe aliliingiza katika historia yake ya hadithi za Kichina miaka ya 1920.

Msimamo wangu, kwa vile huu ni ukurasa wangu: swali la "halisi" limekosewa tangu mwanzo. Msimuliaji wa mdomo hana toleo moja. Jumanne anamuua Bai Yutang kwa kifupi, Alhamisi hadhira ikilia anarefusha. Waliosikia Jumanne na waliosikia Alhamisi wote wana nakala halisi, na hazilingani. Anayetaka kulielewa hili amsikilize DJ Afro akisimulia filamu ile ile mara mbili, au amkumbuke Lufufu wa Tanzania. Kinachoniuma ni kingine. Katika kesi hii yote, mchapishaji alipata, Yu Yue alipata sifa, wachapishaji wa Shanghai waliendelea kutoa miendelezo juu ya miendelezo. Mtu ambaye hakuna anayeweza kutuambia maneno yake hasa yalikuwa yapi ni yule aliyekuwa na sanxian mkononi. Baadhi ya hati za maonyesho ya mtindo wake, zikiwa na sehemu za kuimbwa, zimehifadhiwa Taipei katika maktaba ya Fu Ssu-nien ya Academia Sinica. Maneno ya nyimbo yapo. Sauti hakuna.

Hakimu Di naye alipata ubishi wake. Di Renjie wa kweli aliishi 630 hadi 700. Historia rasmi ya Tang inasema alipokuwa afisa wa mahakama kuu alimaliza kwa mwaka mmoja mashauri yaliyokwama ya watu 17,000, na hakuna aliyelalamika. Ukigawa ni kama watu 46 kila siku bila likizo, jambo ambalo mahakama zetu zingependa kujua siri yake. Katika enzi ya Qing mtu asiyejulikana aliandika riwaya ya kesi zake, sura 64. Mwanadiplomasia wa Uholanzi Robert van Gulik aliitafsiri na kuichapisha Tokyo mwaka 1949, lakini sura 30 za mwanzo tu. Zilizobaki, zinazohusu siasa za kasri, aliamini ziliongezwa na mkono mwingine, dhaifu. Jin Shengtan angempongeza! Baadaye van Gulik akaanza kuandika kesi mpya za Di yeye mwenyewe, akificha mhalifu hadi mwisho kama Wazungu wanavyopenda, na kupitia yeye Di akawa maarufu dunia nzima.

Televisheni ilimchukua mwaka 2004 katika Shentan Di Renjie ya Qian Yanqiu, ambapo Liang Guanhua ni Di mnene anayetabasamu na Zhang Zijian ni mlinzi wake Li Yuanfang. Misimu mingine ikaja 2006 na 2008. Halafu, Oktoba 2012, miaka minne baada ya msimu wa tatu, mtandao wa Weibo ulilipuka kwa swali moja ambalo Di humuuliza mlinzi wake: Yuanfang, wewe waonaje? Watu waliliweka mwisho wa kila kitu. Bei ya nyumba imepanda; Yuanfang, wewe waonaje? Bosi ameongeza kazi wikendi. Yuanfang, wewe waonaje? Jibu la mlinzi katika tamthilia ni kwamba hapo pana jambo, na katika nchi ambayo kuuliza moja kwa moja kunaweza kufuta akaunti yako, kusema tu "hapo pana jambo" kunatosha sana.

Kuhusu nguvu ya watazamaji, mfano wa wazi ni Bao Qingtian ya Taiwan, 1993, Jin Chaoqun akiwa Hakimu Bao. Ilipangwa sehemu 15. Watu hawakukubali iishe, ikafika 236. Baadaye haikuwezekana hivyo China bara: mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ilitaka tamthilia isizidi sehemu 40, na ndiyo namba kamili ya Safari ya Magharibi. Agosti 2025 walitangaza kulegeza, pamoja na masharti ya muda kati ya msimu na msimu.

Kwa Waswahili mlango wa tamthilia za Kichina ulifunguliwa na kitu tofauti kabisa, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyorushwa kwa Kiswahili na TBC ya Tanzania mwaka 2011, na humo hamkuwa na maiti hata mmoja. Hizi za upelelezi wengi huku wanazitazama kwa maandishi ya Kiingereza.

Ukiamua kuanza, nakupa nadharia moja bure. Katika msimu wa kwanza kuna binti mfalme mwenye nguvu anayevutana na mrithi wa kiti, na kila mtazamaji anamsoma kuwa ni Taiping, yule yule aliyeibiwa vito katika kisa cha karne ya 8. Katika historia mrithi huyo ni Li Longji. Alikalia kiti mwaka 712, na mwaka 713 aliwavamia watu wa shangazi yake akawamaliza, naye Taiping akaamriwa kujiua. Kwa hiyo kila kesi unayotazama, hesabu ni mwaka gani kwenye kalenda yao, na angalia nani bado anakula mezani kwa binti mfalme.